Mtu au Mzigo? Swali la Zamani la Njia ya Tabora Ambalo Leo Linaulizwa na Siti ya Gari Lako

Wadau, hii picha mnaijua. Umeamka alfajiri Tabora mjini, unarudi zako Dodoma au Dar. Gari ni IST yako, au ya shemeji, tusiulizane. Buti limejaa. Siti ya nyuma imelaliwa na magunia ya karanga. Imebaki ndoo ya asali ya lita 20 ambayo bibi amesema isipofika salama usirudi tena kijijini. Unaiweka wapi? Siti ya mbele, pembeni yako.

Unawasha gari. Hujamaliza hata mtaa, dashibodi inaanza: ti! ti! ti! Taa nyekundu ya mkanda inawaka. Gari linalalamika kwamba abiria wako wa mbele hajafunga mkanda.

Abiria gani sasa? Ndoo!

Wengi wetu hapo tunacheka, tunaifunga ndoo mkanda, ti-ti-ti inanyamaza, safari inaendelea. Lakini kwa sekunde chache hizo, gari lako limeuliza swali zito: hiki kilichokaa hapa ni mtu au mzigo? Na ukweli ni kwamba kwenye barabara hiyohiyo swali hilo limeulizwa kabla hata magari hayajatengenezwa, na mara nyingi lilijibiwa vibaya.

Njia ilipimwa kwa mizigo

Barabara ya kutoka pwani kuja Tabora haikuanza na wakandarasi wa lami. Karne ya 19 hii ilikuwa njia kuu ya misafara: Bagamoyo, Ugogo, Tabora, halafu Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ni zaidi ya kilomita 1,000, kwa miguu. Tabora yenyewe, ambayo wageni waliiita Kazeh na eneo lake Unyanyembe, ndiyo ilikuwa njia panda. Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857 na kukuta wafanyabiashara Waarabu wana makazi yao, na Wanyamwezi ndio wenyeji na ndio mabingwa wa safari.

Hakukuwa na punda wa kutosha, na mbung'o walimaliza wanyama wa kubeba. Kwa hiyo kila kitu kilipanda kichwani au begani kwa binadamu. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo za merikani, kaniki, ushanga na waya wa shaba vilipanda bara. Kipimo kilikuwa frasila, karibu kilo 16. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi.

Halafu sikia hii. Lile furushi la nguo lililofungwa kwa ajili ya bega la mpagazi liliitwa mtumba. Ndiyo, mtumba huohuo. Leo unasema "nimechukua gari la mtumba kutoka Japani", kumbe unatumia neno la wapagazi.

Mwaka 1871 Stanley, yule mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alijipanga Bagamoyo na mali zake. Hakuanza kwa kuuliza "nina watu wangapi?" Alianza na uzito: ratili 11,000, ambazo ni kama tani 5. Mtu mmoja anabeba ratili 70. Gawanya, unapata karibu wapagazi 160. Basi. Kwenye hesabu hiyo mtu ni jibu la kugawanya mzigo. Karibu miezi mitatu baadaye, Juni 1871, alikuwa Unyanyembe.

Ukiitazama vizuri, ile hesabu ina mtu mmoja tu ndani yake: mwanaume mzima, mwenye nguvu, wa kubeba ratili 70. Lakini msafara halisi haukuwa hivyo. Wanyamwezi wengi walisafiri na wake zao, waliopika, waliobeba vyombo na waliobeba watoto mgongoni. Watoto wakubwa kidogo walitembea na vibuyu na mikeka. Hao wote walikuwa njiani, walichoka, waliumwa, walipata njaa ileile. Lakini kwenye kugawanya ratili kwa 70, hawamo.

Na tusipake rangi: wapagazi wengi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na walikuwa wakali kwenye kudai posho yao. Ila kwenye njia hiyohiyo walipita watu waliofungwa minyororo, ambao kwa aliyewanunua walikuwa bidhaa kamili. Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini Juni 1873, lakini bara mambo hayakuisha siku hiyo.

Siku mtu alipogeuzwa mtumba

Mwaka huohuo, 1873, njia hii ilishuhudia kitu ambacho ukikiona kwenye muvi utasema wameongeza chumvi.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei kijijini kwa Chitambo, kwenye Zambia ya leo. Wenzake wa safari, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliamua kwamba wataurudisha mwili pwani. Waliukausha, wakauviringisha kwenye nguo na magome ya mti, wakaufunga kwenye mti wa kubebea. Wakaanza kutembea. Oktoba wakafika Unyanyembe, ambako walimkuta Mwingereza mwingine, Cameron. Cameron akawashauri wauzike hapohapo. Wakakataa.

Tatizo likaja mbele kidogo ya Unyanyembe. Wenyeji hawakutaka maiti ipite kwenye ardhi yao. Sasa unafanyaje? Susi na wenzake wakatengeneza furushi la uongo la mabua, wakalituma lirudi nyuma kama vile ndio mwili unarudishwa Unyanyembe kwenda kuzikwa. Njiani waliolibeba wakalitupa porini kidogo kidogo. Mwili wenyewe wakaufunga upya, ukafanana na furushi la kawaida la nguo. Mtumba. Ukapita.

Februari 1874 walikuwa Bagamoyo. Aprili 18 Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London.

Ule ujanja ulifanya kazi kwa sababu moja: kwenye njia ile, furushi la saizi ile lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna aliyeliangalia mara mbili. Ukilibeba kama mzigo, basi ni mzigo.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mambo yalitenganishwa: behewa la mizigo huku, behewa la abiria kule. Halafu yakaja magari madogo, na sisi tukavirudisha pamoja. Gunia, ndoo, mtoto, kuku na mjomba, wote siti moja.

Wazo lilianza na mkono wa mzazi

Sasa tuhamie kwenye eabegi, ule mfuko wa hewa unaolipuka kwenye usukani na kwenye dashibodi wakati wa ajali. Hapa nawapeleka Marekani kidogo, tutarudi Tabora.

Mwaka 1952, John Hetrick wa Pennsylvania alikuwa anaendesha gari, mke na binti yake mdogo wamekaa naye mbele. Akakwepa kitu barabarani, gari likaingia mtaroni. Yeye na mkewe, bila hata kufikiri, walinyoosha mikono kumzuia mtoto asigonge dashibodi. Mzazi yeyote anaujua huo mkono. Hetrick akawaza: kwani gari lenyewe haliwezi kunyoosha mkono? Mwaka 1953 akapewa hataza ya mfuko unaojaa hewa wakati wa kugonga.

Ilichukua miaka mingi kuwa kitu cha kawaida, lakini kufikia magari ya toleo la 1998, kila gari jipya la abiria Marekani lilitakiwa kuwa na eabegi mbili mbele.

Na hapo ndipo ile hesabu ya Stanley ikajirudia. Eabegi za miaka ile zilipimwa hasa kwa kumlinda mwanaume mzima wa wastani, tena ambaye hajafunga mkanda. Kumzuia mtu wa hivyo kunahitaji nguvu. Mfuko hutoka kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa na kujaa ndani ya muda mfupi kuliko kufumba jicho. Kwa mwanaume wa kilo 78 aliyekaa mbali kidogo, ni mkono wa kuokoa. Kwa mtoto aliyesimama karibu na dashibodi, au kichanga kwenye kiti chake kilichogeuzwa kutazama nyuma, ni ngumi.

Watoto wakaanza kufa kwenye ajali ndogo, zile ambazo watu wazima wanashuka na kuanza kugombana nani mwenye makosa. Kati ya 1990 na 2008, Marekani ilihesabu vifo zaidi ya 290 vilivyosababishwa na eabegi za mbele kufunguka kwenye ajali za mwendo mdogo. Watoto walikuwa wengi miongoni mwao, na wengi wa waliokufa hawakuwa wamefungwa mkanda au hawakufungwa vizuri. Kitu kilichozaliwa kutokana na mkono wa kumlinda mtoto kiligeuka hatari kwa mtoto, kwa sababu hakikujua aliyekaa mbele yake ni nani.

Mwaka 2000 Marekani ikaandika kanuni mpya, na kuanzia mwaka 2003 magari mapya yakaanza kuifuata hatua kwa hatua. Ujumbe wake kwa watengenezaji ulikuwa mwepesi kusema, mgumu kufanya: kabla hujapiga, jua umempiga nani.

Siti inajuaje?

Hapa ndipo sensa ya siti inaingia. Siyo ile sensa ya watu na makazi ya 2022, ingawa ukifikiria, kazi ni ileile: kuhesabu aliyepo.

Ziko njia kadhaa.

Ya kwanza ni mkeka mwembamba chini ya kitambaa cha siti, wenye vidoti vya kuhisi mgandamizo. Ukikaa, umeme unapita tofauti. Mikeka rahisi inajua tu "kuna kitu" au "hakuna kitu". Ile ya kisasa zaidi inasoma hadi umbo la makalio, kwamba haya ya mtu mzima, hiki ni kitako cha kiti cha mtoto.

Ya pili ni kifuko chenye majimaji ndani ya sponji ya siti. Ukikaa, shinikizo linapanda, kipimo kinasoma.

Ya tatu ni mizani yenyewe: vipimo vidogo kwenye miguu ya siti, pale inapofungwa kwenye sakafu ya gari. Chuma kinapinda kidogo sana chini ya uzito wako, na ule upindaji unageuzwa kuwa kilo.

Ya nne haiangalii uzito hata kidogo. Inatengeneza uga mdogo wa umeme kwenye siti na kusoma jinsi mwili unavyoubadilisha, kwa sababu binadamu ana maji mengi mwilini na gunia la karanga kavu halina.

Baadhi ya magari yanaongeza kipimo cha mvuto wa mkanda, kwa sababu kiti cha mtoto kikikazwa vizuri, mkanda unavutika kuliko unavyovutika kwa mtu wa kawaida.

Taarifa zote zinakwenda kwenye kompyuta ya eabegi. Kanuni ya Marekani inapima kwa madoli ya majaribio: la mtoto wa mwaka 1, wa miaka 3, na wa miaka 6 ambalo lina kilo kama 23. Kwa hao, eabegi izimwe, au ifunguke kwa upole usioua. Kwa doli la mwanamke mwembamba, kilo 49 hivi, eabegi lazima iwe tayari.

Sasa irudishe ile ndoo. Asali ni nzito kuliko maji. Lita 20 ni kama kilo 28, karibu kabisa na mzigo wa mpagazi wa enzi zile. Kwa gari lenye mfumo kamili wa mizani, ndoo ya bibi yako ni mtoto wa shule ya msingi. Ndiyo maana mkanda unalia kwa sababu kuna kitu, lakini eabegi inaweza kuzimwa kwa sababu kitu hicho hakijafikia mtu mzima. Gari halijachanganyikiwa. Limeona mzigo, likaamua ni salama zaidi kudhani kwamba ni mtu. Kwenye njia ya Tabora, hiyo ni mara ya nadra kosa kuangukia upande huo.

Mtoto anayepotea kwenye hesabu

Lakini kuna mahali siti inadanganywa kirahisi, na sisi ndio tunaoidanganya.

Mmeona zile klipu za mastaa. Jina tunalo, hatutaji, maana sio mmoja. Staa yuko siti ya mbele, muziki juu, mtoto wake mdogo amempakata, wanaimba pamoja. Komenti zote ni mioyo. "Baby wetu kakua!" Na wala sio mastaa peke yao. Nenda stendi yoyote kati ya Tabora, Nzega na Urambo uangalie gari dogo linavyopakia. Mama yuko mbele, mtoto yuko mapajani.

Siti inaona nini? Mama kilo 65, mtoto kilo 15. Siti inasoma kilo 80. Kwa kompyuta, pale kuna mtu mmoja, mzima, mnene kiasi. Eabegi: washa. Na mtoto yupo wapi? Yupo katikati, kati ya kifua cha mama na mfuko unaotoka kwa kasi ile. Mfumo wote uliotengenezwa kwa ajili yake umemkosa, kwa sababu ameingia kwenye uzito wa mtu mwingine. Ni kama wale watoto wa msafara, yupo safarini lakini kwenye hesabu hayumo.

Na usijipe moyo kwamba utamshika. Gari likigonga kwa mwendo wa lami ya Itigi, kile kilo 15 kinavuta mbele kwa nguvu ambayo hakuna mkono unaoweza kuizuia. Hetrick na mkewe waliijua hiyo mwaka 1952, ndiyo maana akatafuta kitu kingine zaidi ya mkono.

Na lami ndiyo imeongeza uzito wa hii ishu. Zamani vipande vya Nyahua na Chaya vilikupunguza mwendo, upende usipende. Sasa imenyooka. Misitu ya miombo huku na huku, barabara tupu, mguu unakanyaga wenyewe.

Ujanja wa mafundi

Jambo la mwisho. Gari la mtumba likifika na taa ya eabegi inayowaka muda wote, kuna fundi atakwambia, "Bosi, hiyo ndogo." Anachomeka rezista, kipande cha shilingi chache, kompyuta inadhani sensa au eabegi ipo na inafanya kazi. Taa inazima. Unalipa, unaondoka na furaha.

Ni furushi la mabua lile. Tofauti ni kwamba Susi na wenzake walijua wanamdanganya nani na kwa nini. Wewe umejidanganya mwenyewe, halafu umemweka mtu wako siti ya mbele.

Vilevile, usidhani kila gari linalolia mkanda linajua kuzima eabegi. Ni vitu viwili tofauti. Magari mengi yana sensa ya kukumbusha mkanda tu, na eabegi itafunguka hata kama aliyekaa ni mtoto. Kama gari lako lina mfumo wa kuzima, mara nyingi utaona taa ndogo karibu na redio yenye alama ya abiria na mfuko, imeandikwa OFF. Kama hujawahi kuiona, chukulia kwamba eabegi ipo macho muda wote.

Kwa hiyo kabla ya safari ijayo:

– Watoto wakae nyuma, na wafungwe. Kiti cha kichanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kabisa mbele ya eabegi.
– Hakuna kumpakata mtoto siti ya mbele. Hata kama ni "hapo Ipuli tu".
– Mtu mzima wa mbele afunge mkanda, arudishe siti nyuma, na asiweke miguu juu ya dashibodi, hata picha iwe kali vipi.
– Siti kava nene na mito mizito zinaweza kuivuruga sensa. Soda ikimwagika kwenye siti na taa ikaanza kuwaka, sio mapepo.
– Taa ya eabegi ikibaki inawaka, tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu, sio mwenye rezista.
– Na ndoo ya asali? Sakafuni, nyuma ya siti, imebanwa isicheze.

Siku ukipita Tabora, nenda Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kwenye tembe alilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Ni makumbusho siku hizi. Halafu ukirudi kwenye gari, kabla hujawasha, geuka uangalie nani amekaa wapi.

Haya, tupia komenti: nani anakaa siti ya mbele kwenye gari lenu mkisafiri? Na kama fundi alishakuzimia ile taa, sema ukweli, hatukucheki.